Kicheko cha Mfungwa

Sisi twapenda vitabu vya P. G. Wodehouse, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1881. Husimulia habari za Bertie Wooster, kijana tajiri asiye na akili nyingi, na mtumishi wake Jeeves anayemwokoa kila mara. Bwana huamuru, lakini mtumishi ndiye atawalaye. (Nani hajaona nyumba ya namna hiyo?)

Rafiki yetu mmoja alitukaripia: «Mwachekaje na mtu aliyesema katika redio ya adui?» Ni kweli. Mwaka 1940 Wadachi walimkamata huko Ufaransa, wakampitisha katika ngome ya Huy, Ubelgiji, mpaka kifungoni Tost, katika nyumba iliyokuwa ya wenye wazimu. Humo aliandika kitabu kizima cha kuchekesha. Mwaka 1941 walimfungua, naye akasema mara tano katika redio ya Berlin, akikifanyia mzaha kifungo chake. Wenzake, ambao miji yao ilikuwa imepigwa mabomu, wakakasirika sana. Hakurudi tena kwao. Alifia Marekani mwaka 1975.

Sisi hatumwiti msaliti. Mpumbavu, ndiyo: alidhani kila mahali pafaa kuchekesha. Vitabu vyake vingali karibu na taa yetu. Ila siku hizi, tukifika pale Bertie ajitiapo matatani bila kujua, kicheko chetu hupungua kidogo.