Maumivu Yana Sababu

Mwanamke mzee akisema kuwa mgongo wamwuma, jibu alipewalo mara nyingi ni moja: "Huo ni uzee." Jibu hilo ni jepesi kulitoa, lakini ni zito kulipokea. Lina sura ya huruma, ila hufunga mlango wa uchunguzi. Nataka nikueleze habari ya nchi ya mbali, ili upime mwenyewe hasara ya kuufunga mlango huo.

Katika mkoa wa Toyama, Japani, unapita mto uitwao Jinzu, ambao maji yake hunywesha majaruba ya mpunga bondeni. Juu milimani ulikuwako mgodi wa Kamioka, uliotoa zinki na risasi kwa miaka mingi. Zinki hutoka ardhini na mwenziwe mdogo, madini yaitwayo kadimi, nayo yaliingia mtoni pamoja na taka za mgodi. Mto uliyachukua, tope likayapokea, mpunga ukayanyonya, na watu wakayala katika wali wa kila siku.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaitumia kusifu akiba. Lakini sumu nayo yajua kuweka akiba. Kadimi ikiingia mwilini hujikusanya katika figo, na hukaa humo miaka 10 hata 30 kabla nusu yake haijatoka. Figo zikiharibika hupoteza kwa mkojo fosfeti na kalsiamu zihitajiwazo na mifupa, na vitamini D haifanyi kazi yake ipasavyo. Mifupa hulainika, hupinda, na mwishowe huvunjika. Wako wagonjwa wa Jinzu waliovunjika mbavu kwa kukohoa tu. Walilia "itai, itai", maana yake "naumwa, naumwa", na kilio hicho kikawa jina la ugonjwa.

Wengi wao walikuwa wanawake waliopita umri wa kuzaa, nao walikuwa wamezaa watoto wengi. Pengine utauliza: kwa nini wao, hali wali waliokula ulikuwa mmoja na wa waume zao? Mimba na kunyonyesha huchota kalsiamu ya mama; upungufu wa madini ya chuma huufanya utumbo upokee kadimi zaidi; na hedhi ikikoma, mifupa huzidi kudhoofika. Kwa hiyo waliowapa wengine uhai ndio waliotozwa zaidi.

Daktari Noboru Hagino alirudi kutoka vitani mwaka 1946, akaanza kuwatibu wanawake hao. Wako waliodhani kuwa kilichowadhuru ni kazi nyingi na chakula duni. Yeye hakutosheka, akaendelea kuuliza. Mwaka 1961, pamoja na mwanasayansi Kin-ichi Yoshioka, aliitangaza kadimi kuwa ndiyo sababu. Serikali ilikubali mwaka 1968. Wagonjwa walishinda kesi yao mwaka 1971, na rufani mwaka 1972. Kazi ya kuusafisha udongo wa mashamba haikumalizika mpaka mwaka 2012. Sumu huenda na maji kwa siku moja. Kuiondoa ni kazi ya vizazi.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wajapani peke yao. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia. Risasi hujificha mifupani; mwanamke azeekapo na mifupa yake ikapungua, risasi hiyo hurudi katika damu. Basi msichana aliyedhurika leo aweza kudaiwa tena atakapokuwa bibi.

Mama yangu amepita miaka 60, na maisha yake yote ni mkulima. Aniambiapo kuwa kiungo fulani chamwuma, humwuliza: tangu lini, wapi, na maji ya kisima yana ladha gani? Yeye hucheka, husema nimezoea kuwahoji wanafunzi. Ni kweli kwamba si kila maumivu ni sumu, na umri nao una haki yake. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Asiyeumwa hana ruhusa ya kumhukumia anayeumwa.

Wewe kijana uliye na bibi nyumbani, msikilize alalamikapo, kisha umpeleke kwa mganga wa hospitali. Nawe ukipata kuwa daktari, mhandisi au hakimu, kumbuka kuutazama mto, kwenda juu na kwenda chini.