Neno "to" Lilinifanya Nionekane Mwongo

Wasee, leo tuongee sarufi ya Kizungu kidogo. Usikimbie, kuna kazi nilikosa hapo ndani.

Mwaka jana kuna shirika dogo kule Wote lilikuwa linatafuta mtu wa kushughulikia kurasa zao za mitandao. Kupiga picha, kukata video, kujibu watu. Hizo ni vitu nafanya kila siku hapa Kitui, tena bure. Nikaandika barua pepe kwa simu nikiwa nimekaa kwa kibanda cha mwaitu sokoni, nimeegemea gunia la ndengu. Nikajiambia nitakuwa mkweli, sitaki mtu aje agundue baadaye sina digrii. Kwa hivyo nikaandika hivi: "I was working in a photo studio and doing my second year. Then I stopped to study."

Siku mbili baadaye wakapiga. Mama wa upande ule alikuwa mpole sana. Akaniuliza, "Sasa uko mwaka wa tatu?" Nikamwambia, "Hapana madam, chuo niliacha." Akanyamaza. "Lakini hapa umesema uliacha studio ili usome." "Hapana, studio bado niko." Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Akasema sawa, tutakujulisha. Ukiwa upande wake, unaona mtu ameandika moja na anaongea lingine.

Kumbe nilifaa kuandika "I stopped studying". Ukisema "I stopped to study", umesimamisha kitu kingine ndio upate nafasi ya kusoma. Yaani sentensi niliyoweka ili nisidanganye ndiyo ilidanganya kwa niaba yangu.

Shuleni tuliambiwa makosa kama hayo ni uzembe. Mimi nakataa. Angalia vile tunaongea. "Nataka kuimba." "Kuimba kwake kunanifurahisha." Neno ni lile lile, kuimba. Kwa sentensi ya kwanza liko kama kitenzi, kwa ya pili ni jina kabisa, lina ngeli yake, ile ya KU tuliyofanyiwa mtihani miaka yote. Kikamba pia ni hivyo hivyo: kũthi, kũya, kũsoma. Mtoto wa Kitui au Makueni anaingia darasani akiwa na lugha mbili, na zote zina ku- moja inayofanya kazi mbili. Halafu Kizungu kinamwambia achague kati ya "to sing" na "singing", na hakuna mtu amemwambia kwamba hapo kuna kuchagua.

Hata hivyo Kiswahili kina njia yake. "Niliacha kusoma" na "nilisimama ili nisome" haziwezi kuchanganyika, juu tofauti imebebwa na acha na simama, na hiyo ili. Kizungu kinatumia stop kwa zote mbili, kisha tofauti inawekwa kwa kitenzi kinachofuata. Mwalimu wa Kizungu na mwalimu wa Kiswahili walikuwa wanakaa staffroom moja. Wangeongea dakika kumi tu kuhusu hiyo ku-, mimi ningeokoka.

Badala yake tulipewa orodha. Want, hope, decide zinachukua to. Enjoy, avoid, finish, suggest zinachukua ing. Tukakariri, juu karatasi ya pili ya Kizungu kwa KCSE ina alama 15 za sarufi kati ya 80 na hakuna mtu anataka kuziacha. Orodha ni sawa. Lakini orodha haikusaidii na vitenzi vinavyokubali zote mbili halafu vinabadilisha maana: stop, remember, forget, regret.

Kwa remember, forget na regret, to inaangalia mbele na ing inaangalia nyuma. "I remembered to lock the shop" ni kwamba nilikumbuka, ndio nikafunga. "I remember locking the shop" ni kwamba nilishafunga, na sasa naona picha kichwani, mkono kwa kufuli. Siku duka limeibiwa, hiyo ya pili ndiyo utaambia polisi. (Usipeleke hii sheria kila mahali, tafadhali. "Avoid going" inachukua ing na bado hujaenda popote. Hizo kariri tu.)

Regret ndiyo ilinishika. Wiki moja baadaye wale watu wa Wote waliandika, "We regret to inform you." Hiyo ni to, wanasikitikia kitu wanakaribia kukwambia. Lakini watu huniuliza kama "I regret dropping out", na hiyo ni ing, iko nyuma. Jibu langu ni kwamba sijuti kuacha chuo, karo ndiyo iliniacha. Ninachojuta ni kukaa miezi mitatu bila kumwambia mwaitu, akiuza ndengu na kunitumia nauli ya kurudi mahali sikuwa narudi. Hiyo kwa Kizungu ni "not telling her", na hakuna to ya kuirekebisha.

Mwezi huu nimeandika barua nyingine, mahali pengine. Sasa niko makini, "I stopped studying" iko hapo, safi. Nikampelekea binamu yangu anayefundisha Mwingi aisome kabla sijatuma. Akarudisha ikiwa na duara moja jekundu mwishoni kabisa: "I look forward to hear from you." Nikamuuliza, si kuna to hapo? Akasema hiyo si to ya kitenzi. Jaribu kuweka jina mbele yake: "I look forward to November." Inakubali. Sisi wa Ukambani tunajua kungoja Novemba na mvua yake. Mahali jina linakubali, kitenzi kinaingia na ing. Sasa jaribu "I want to November." Tukacheka wote wawili kwa simu.

Nikabadilisha ikawa hearing. Nimetuma Jumatatu, bado nangoja.