Presha Iko Sawa, Sukari Iko Sawa, Ila Mama Alishindwa Kunyanyuka Mkekani

Jamani, hii nimekaa nayo mwezi mzima.

Tulikuwa msibani Muheza, tumekaa chini kwenye mikeka kama kawaida. Watu wamemaliza kula, wanaanza kunyanyuka. Mama yangu, miaka 59, akaweka mkono chini, akajaribu, akarudi kukaa. Akajaribu tena. Akatoa kile kicheko cha kuficha aibu: "Nipe mkono mwanangu, miguu imekufa ganzi."

Haikuwa ganzi. Nilipomvuta uzito wote ulikuja kwangu. Wakati huo mama mkubwa, dada yake wa miaka 67 ambaye mpaka leo analima, alishanyanyuka kitambo na anakusanya masinia.

Nikampeleka hospitali. Presha nzuri, sukari nzuri. Nikashukuru, lakini roho haikutulia, maana hakuna aliyempima miguu.

Usiku ule nikazama mtandaoni. Kumbe kule Brazil daktari Claudio Gil Araújo na wenzake waliwachukua watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80, wakawaambia wakae sakafuni kisha wanyanyuke. Alama ni 10, na kila ukishika chini kwa mkono au goti unakatwa moja. Wakawafuatilia kwa miaka. Matokeo yalitoka 2012: wenye alama chache ndio waliokufa zaidi. Nikamkumbuka mama na mikono yake mkekani, nikafunga simu.

Nikaifungua tena, ningefanyaje. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilitoa utafiti wa watu karibu 140,000 kwenye nchi 17, Zimbabwe ikiwemo. Walipimwa nguvu ya kubana kiganja. Kila kilo 5 zilizopungua ziliendana na hatari ya kufa kuongezeka kwa asilimia 16, na kiganja kilitabiri vifo vizuri kuliko presha ile namba ya juu. Sio kwamba kiganja kinaua. Kinaonyesha tu hali ya mwili mzima.

Sisi mjini tunadhani nguvu ni ile ya kwenye picha. Gym ninayoenda kuna staa mmoja, jina kapuni, kifua kama ukuta, ila siku ya miguu humuoni. Namcheka, lakini na mimi squat nazikwepa vilevile.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba miguu ya mama tumeimaliza sisi wanawe. Nilipopata kazi nilinunua mashine ya kufulia. Kaka akaleta dada wa kazi. Sokoni anapelekwa na boda, tena hadi mlangoni. Kila akishika ndoo tunapiga kelele: "Mama kaa, umehangaika sana!" Akakaa. Miaka sita amekaa, kwenye sofa niliyomnunulia mwenyewe, nikapiga picha na kuipost. Misuli isipotumika inayeyuka, na baada ya miaka 30 inapungua hata bila kusaidiwa.

Kilichonipa moyo ni wazee wa Boston, wa miaka 86 hadi 96. Mwaka 1990 ilitoka ripoti kwamba walifanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki nane tu, na nguvu ya miguu yao ikaongezeka zaidi ya mara mbili. Miaka tisini! Sasa mama yangu wa 59 anashindwaje?

Nikampigia. "Shikamoo mama. Kaa kwenye kiti cha plastiki, nyanyuka bila kushika, mara kumi."

"We mtoto, unanifanyisha mchakamchaka?"

Siku ya kwanza alifika nne, akanuna. Sasa anafanya kila jioni kabla ya tamthilia, dada wa kazi anahesabu na kunirekodia. Jana kafika tisa. Ya kumi alishika ukuta, akadai imehesabiwa.

Halafu akaniuliza kinu chake kiko wapi, anataka kutwanga kisamvu mwenyewe. Kinu nilimpa jirani yake mwaka juzi, nikijiona nimemtua mama mzigo. Jumamosi napanda basi la Tanga kwenda kukiomba, na hata sijui naanzaje kuongea na yule mama.