Sahihi ya kijana wa Wapakoneta

Anayesafiri kwa gari kwenye barabara kuu namba 75, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, hupita mashamba ya mahindi na soya hadi macho yakachoka. Kisha, pembeni mwa barabara, inajitokeza kuba nyeupe iliyofukiwa nusu kwenye kilima cha udongo na nyasi, kama mwezi unaochomoza. Watoto waliosinzia kiti cha nyuma huamka na kuuliza ni nini kile.

Hapo ni Wapakoneta, mji wa watu takriban 10,000. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alizaliwa shambani karibu na mji huu mwaka 1930. Baada ya familia yake kuhamahama kwa sababu ya kazi ya baba, alirudi hapa na kumalizia sekondari. Kuba ile ni makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa Julai 20, 1972, miaka mitatu kamili baada ya hatua ile ya mwezini.

Kabla ya kuwa mwanaanga, Armstrong alikuwa rubani wa majaribio, yaani mtu anayelipwa kurusha ndege ambazo bado hakuna mwenye uhakika nazo. Alirusha ndege ya roketi ya X-15 mara saba huko California kati ya mwaka 1960 na 1962, na safari moja ilimpeleka zaidi ya kilomita 60 juu ya ardhi. Nje ya makumbusho imeegeshwa jeti ya F5D Skylancer aliyoitumia katika kazi hiyo. Ndani kipo chombo cha Gemini 8, ambacho Machi 1966 kilianza kuzunguka angani kama pia, karibu mzunguko mmoja kila sekunde, naye na mwenzake David Scott wakiwa ndani. Mtu mzima akikitazama kwa karibu hushangaa jinsi kilivyo kidogo. Viti viwili vimebanana kama vya bajaji.

Lakini kwa mzazi, kitu cha kusimamia muda mrefu ni kile kindege cha Aeronca, ambacho Armstrong alijifunzia urubani. Somo la saa moja liligharimu dola 9. Kijana huyo alifanya kazi duka la dawa mjini kwa senti 40 kwa saa. Piga hesabu: saa 22 na nusu za kazi kwa saa moja ya kuruka. Leseni ya mwanafunzi wa urubani aliipata Agosti 5, 1946, siku aliyotimiza miaka 16, kabla hata hajawa na leseni ya gari.

Kuna alama nyingine aliyoiacha, na hiyo ndiyo inayofanya watu wapekue makabati ya babu zao: sahihi yake.

Aliporudi kutoka mwezini, barua zilimfuata kwa magunia. Nyingi ziliandikwa na watoto na zote ziliomba kitu kimoja, picha iliyosainiwa. Kwa miaka mingi alisaini bure. Alisaini alipokuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini Cincinnati, akasaini alipohamia shamba karibu na mji wa Lebanon, kusini kidogo mwa jimbo hilohilo. Hakudai senti.

Ndipo wafanyabiashara walipoona mwanya. Picha iliyoombwa kwa barua, kwa gharama ya bahasha na stempu, iliweza kuuzwa wiki ijayo kwa faida kubwa. Wengine hawakujisumbua hata kuomba, wakaghushi. Mwaka 1994 Armstrong akaacha kusaini. Waliozidi kumwandikia walijibiwa kwa barua ya ofisi yenye maneno yaleyale kwa kila mmoja.

Matokeo yake ni jambo ambalo mama yeyote wa sokoni angelieleza vizuri kuliko mchumi. Bidhaa ilikatika, wanunuzi wakaongezeka, bei ikapanda. Aliyekusudia kuwanyima madalali faida akawa ameongeza thamani ya kila karatasi waliyokuwa nayo tayari. Chuck Yeager, rubani wa majaribio aliyevunja kizuizi cha sauti mwaka 1947, alisaini kwa miongo mingi karibu hadi kifo chake mwaka 2020, na sahihi yake hupatikana kwa bei ya chini sana ikilinganishwa na ya Armstrong. Soko halipimi ushujaa. Linahesabu karatasi zilizopo.

Soko hilo lina kanuni nyingine inayochekesha na kuuma. Picha rasmi ya Armstrong akiwa na vazi jeupe la anga, yenye sahihi tupu, huuzwa kwa maelfu ya dola. Picha ileile ikiwa imeandikwa jina la mtoto aliyeiomba na maneno ya kumtakia heri, bei hushuka, kwa kuwa mnunuzi hataki ukutani kwake jina la mtoto wa watu. Kile kilichomfanya mtoto wa darasa la nne alale na picha chini ya mto ndicho kinachoitwa kasoro siku ya mnada.

Na si kila picha iliyo kabatini ni ya kweli. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na mashine za kutia saini zilizoshika kalamu halisi yenye wino halisi, ili kupunguza mlima wa barua. Familia nyingi zimetunza picha hizo kwa nusu karne zikiamini mkono wa Armstrong uliigusa karatasi. Wajuzi huzigundua kwa kulinganisha. Binadamu hasaini mara mbili sawasawa, lakini mashine husaini. Sahihi mbili zikiwekwa moja juu ya nyingine na kulingana kila kona, hiyo ni kazi ya mashine. Nyingine zimechapwa tu pamoja na picha, na kioo cha kukuzia huonyesha vitone vya uchapaji mahali pa mstari wa wino. Sahihi ya Armstrong ni miongoni mwa zinazoghushiwa sana duniani, kwa hiyo anayepata moja kabatini asikimbilie kuhesabu fedha, wala asikubali bei ya mtu wa kwanza anayebisha hodi.

Ndiyo maana wanunuzi hupenda karatasi zenye historia inayoweza kufuatiliwa, hata zikiwa za kawaida kabisa. Asubuhi ya Julai 16, 1969, siku ya kuondoka kwenda mwezini, Armstrong alimwandikia mfanyakazi mwenzake wa NASA hundi ya dola 10 na senti 50 kulipa deni dogo, pengine ili asiondoke duniani akiwa anadaiwa. Hundi hiyo haikupelekwa benki. Mwaka 2009 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 27,000.

Hata nywele zake zilipata bei. Mwaka 2005, kinyozi wake wa siku nyingi mjini Lebanon alizikusanya nywele alizomkata, akaziuza kwa dola 3,000 kwa mkusanyaji wa nywele za watu mashuhuri. Armstrong alipojua alitishia kwenda mahakamani: nywele zirudishwe, au fedha ziende kwa wahitaji. Nywele hazikurudi, na kinyozi alisema fedha amezitoa sadaka. Kutoka makumbusho ya Wapakoneta hadi Lebanon ni mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari, na hakuna mtu aliyewahi kuonekana wa kawaida zaidi katika mji ule kuliko mteja huyo wa saluni.

Katika karatasi zote zenye jina lake, zipo ambazo hakuombwa na mgeni yeyote. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11, Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, walikuwa na familia na mishahara ya serikali, na bima ya maisha yenye maana kwa mtu anayekwenda mwezini ilikuwa nje ya uwezo wao. Armstrong na mkewe Janet walikuwa tayari wamemzika binti yao Karen mwaka 1962, akiwa na miaka miwili. Walibaki na wavulana wawili, Rick wa miaka 12 na Mark wa miaka 6.

Basi katika wiki za kutengwa wasiambukizwe maradhi kabla ya safari, wanaume hao watatu walikaa wakasaini bahasha, mamia ya bahasha. Zilikabidhiwa kwa rafiki ili zigongwe muhuri wa posta siku kubwa za safari, ile ya kuondoka na ile ya kutua. Wasingerudi, wake zao wangeziuza moja moja na kulisha watoto. Wakusanyaji huziita bahasha za bima, na safari za Apollo zilizofuata ziliendeleza utaratibu huo hadi Apollo 16.

Hazikuhitajika. Apollo 11 ilirudi salama Julai 24, na Septemba 6 Armstrong alipita katikati ya Wapakoneta kwenye gwaride la kukaribishwa nyumbani. Bahasha zilikaa majumbani mwa wenyewe miaka na miaka.

Armstrong alifariki Agosti 25, 2012, na majivu yake yakazikwa katika bahari ya Atlantiki, hivyo hakuna kaburi la kuzuru. Kuanzia Novemba 2018 wanawe walipeleka mali zake mnadani mjini Dallas kwa awamu kadhaa, na medali moja ya dhahabu aliyokwenda nayo mwezini ilifika dola milioni 2. Katika orodha zilikuwemo pia baadhi ya zile bahasha za bima, zikiwa na sahihi tatu na muhuri wa posta wa mwaka 1969. Rick alikuwa na miaka 61, Mark 55.