Njia ya Wapagazi, na Usiku Mmoja wa Mwezi wa Machi

Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa hesabu miaka 36, na wa pili alikuwa muuguzi na mkunga muda upatao huo. Tangu turudi kwetu Kisauni, karibu na Mombasa, twaulizwa swali lile lile kila Jumapili: "Mlikwenda kufanya nini Unyamwezi, nanyi ni wazee?" Wengine walidhani tumeajiriwa kwa mshahara mnono. Mmoja alituuliza gari tulilopewa tumeliacha wapi. Basi twaandika habari hii, tupate kupumzika kuisimulia tukiwa tumesimama juani.

Tulistaafu kazi mwaka 2015. Watoto walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa, na nyumba ikawa kimya, hata tukaanza kugombana kwa ajili ya vitu vidogo, kama vile nani ameisogeza redio. Ndipo tukakumbuka neno ambalo tangu ujana lilitukaa moyoni.

Sisi ni wazao wa Freretown. Mji ule uliwekwa na misheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa, na kengele yake ingali pale Kengeleni. Wazee wetu walimjua Matthew Wellington, aliyekufa Mombasa mwaka 1935, mmoja wa wale walioubeba mwili wa Dr. Livingstone mwaka 1873 hata 1874 kutoka kijiji cha Chitambo mpaka Bagamoyo. Mwenzake katika safari ile, Jacob Wainwright, alipelekwa pamoja na mwili huo hata Uingereza, akawa miongoni mwa walioshika jeneza katika Westminster Abbey. Lakini mtu huyo, aliyekwisha kuiona London, hakuzimaliza siku zake pwani. Alirudi bara kwa njia ile ile ya misafara, akafa Urambo, magharibi ya Tabora, mwaka 1892. Tulijiuliza mara nyingi: alirudia nini? Hakuna aliyeweza kutujibu.

Tena iko habari ya nyumbani. Bibi mzaa bibi wa mke aliletwa pwani angali mtoto, wala hakulijua jina la kijiji chao. Alikumbuka jambo moja tu, kwamba baba yake alikuwa akitundika mizinga ya magome juu ya miti mirefu.

Basi usharika mmoja wa upande wa Tabora ulipotafuta wazee wenye ujuzi wa kujitolea, tuliandika barua. Tulipata kibali cha ukaazi, na mwaka 2016 tukapanda treni Dar es Salaam, katika reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912. Zamani msafara ulitembea karibu miezi mitatu kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, kila mpagazi akichukua begani mzigo wa frasila 2, yaani kilo zipatazo 32. Sisi tulilalamika kwa ajili ya kiti kigumu.

Kabla ya kwenda kijijini tulipelekwa Kwihara, tukaliona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake, akiwangoja watu watakaoletwa kutoka pwani. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa watu hao. Ni nyumba ya udongo, pana na yenye kivuli. Tulisimama barazani pasipo kusema neno. Katika nchi ile miembe ya kale yaionyesha njia ya misafara hata leo, maana wasafiri walikula maembe na kokwa zikaota. Na katika miombo nje ya mji mke aliinua macho, akaona mizinga ya magome imening'inia juu ya miti. Hatusemi kwamba mama yule alitoka hapo. Mizinga ya namna hiyo iko katika nchi nyingi. Lakini siku ile hatukula chakula cha mchana.

Kijiji tulichopewa kiko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabara kuu, na jina lake hatulitaji, kwa sababu mtakazoziona. Walitupokea vizuri sana. Tulijifunza kusema "mwangaluka" asubuhi na "mwadila" baada ya mchana, nao walicheka jinsi tulivyosema. Kiswahili chetu cha Mvita kiliwafurahisha zaidi; watoto walitufuata njiani wakiigiza. Wanyamwezi na watu wa pwani wana utani wa tangu zama za misafara, wala hatukupewa muda wa ugeni kabla ya kutaniwa. "Ninyi ndinyi mliotutwika mizigo," walituambia. "Leo mmekuja kuona kama mabega yamepona?"

Kazi ya mwanzo haikwenda vema, na kosa lilikuwa letu. Mwalimu aliweka darasa la hesabu kila Jumamosi, akakuta madawati matupu, akakasirika, akanena maneno makali mbele ya wazazi. Kumbe ulikuwa msimu wa tumbaku, na watoto walikuwa mabandani pamoja na mama zao, wakifunga majani katika vijiti ili yakaushwe kwa mvuke. Hakuna aliyembishia, walinyamaza tu. Baadaye mwenyekiti wa kijiji alikuja jioni na sahani ya matoborwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akasema, "Mwalimu, watoto wana saa moja jioni, baada ya kuoga." Basi darasa likawa jioni, kwa taa ya jua.

Miwani ndiyo iliyotupatia heshima ambayo hesabu haikutupatia. Mke alikuwa amechukua miwani 30 ya kusomea, ile ya bei ndogo iuzwayo Mombasa barabarani. Mzee mmoja wa kwaya alikuwa ameacha kusoma muda wa miaka kumi, na watu walisema amekuwa mvivu. Alipoivaa miwani alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, muda mrefu, ndipo akaomba kitabu. Wanawake walikuja na sindano na uzi. Katika muda wa juma mbili miwani yote ilikwisha, tukaandika barua kwa watoto wetu kuomba mingine.

Lakini mtu mmoja hakuja. Penye njia ya kwenda kisimani alikaa mama mjane, mzee kuliko sisi, peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu sana. Wasomaji wa pwani huenda wasijue maana yake. Katika Usukuma na Unyamwezi wanawake wazee wengi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu huhesabiwa kuwa ushahidi. Muuguzi yeyote ajua sababu ya macho hayo: ni moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, miaka hamsini au zaidi. Wenyeji wetu walituonya kwa wema tusipite nyumbani kwake.

Nasi tukatii. Twaliandika neno hili kwa aibu. Watu wa Freretown wa kizazi cha nne, mmoja wetu mwenye cheti cha uuguzi, majuma matatu tulimwamkia mama yule kwa mbali na kuharakisha mwendo. Tulijiambia kwamba ni kwa ajili ya kutowakosea wenyeji. Sivyo, tuliogopa kidogo, na tuliogopa zaidi kuonekana tumeogopa.

Mke ndiye aliyeanza. Siku moja aliitua ndoo, akaketi kwenye baraza la mama yule, waziwazi, watu wakipita. Hakumletea dawa wala mahubiri. Waliongea habari za kuku. Tangu siku ile alikwenda kila Alhamisi saa nne asubuhi, wakati wanawake wengi wako njiani. Baadaye Mwalimu alimjengea jiko la udongo lenye bomba la moshi, akisaidiwa na mjukuu wake. Bomba la kwanza lilianguka, la pili likasimama. Macho hayakurudi kuwa meupe, lakini machozi yalipungua. Miwani aliikataa. Alisema, "Nikivaa vioo juu ya macho haya, watasema sasa naona hata usiku."

Sasa twaja kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa Machi 2018, mvua nyingi, na njia ya gari imekatwa na maji mbugani. Mwalimu alishikwa na malaria. Mke alimpima, akampa dawa, naye akatapika kila alichopewa; hata usiku wa pili akaanza kuweweseka, akiwafundisha kugawanya kwa sehemu wanafunzi waliokwisha kuwa babu. Mke alijua maana ya hali hiyo, na kwamba hapana budi kumfikisha hospitali kabla ya mchana. Simu haikushika. Jirani wa karibu walikuwa wamekwenda msibani. Hakuweza kumwacha mgonjwa peke yake, akatoka nje akapiga yowe katika mvua, wala hakusikia jibu. Nyumba iliyokuwa karibu kupita zote ilikuwa ile ya mama mjane.

Mama yule alikuja na fimbo yake. Alimtazama mgonjwa, akauliza, "Wanatakiwa wanaume wangapi?" Mke akasema, wengi. Akatoka.

Wapenzi wasomaji, fikirini neno hili. Mwanamke ashukiwaye uchawi, usiku wa giza, peke yake njiani. Hana haja ya kutenda neno lingine lolote ili ahukumiwe. Na usiku hutembea sungusungu, wale walinzi wa jadi walioanza upande wa Kahama mapema katika miaka ya 1980, wenye pinde na marungu. Kukutana nao saa nane za usiku si jambo dogo hata kwa kijana. Tuliambiwa baadaye alivyofanya. Alitembea katikati ya njia akilitaja jina lake mwenyewe kwa sauti, kila hatua chache, jina lake na la baba yake, na kusema, "Mimi ndiye, nimekuja kuita watu, Mwalimu anakufa." Alifika hata kwa mkuu wa sungusungu, akasimama mbele ya taa yao na macho yale.

Saa kumi walikuja wanaume 16. Walifunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili, wakakifunika kwa turubai, wakamtwika Mwalimu mabegani, wanne wanne kwa zamu. Maji ya mbuga yaliwafika kifuani. Mke alifuata akiinua chupa ya maji ya dawa. Waliimba, ili wasikosane hatua, na kulipopambazuka, mgonjwa alipofumbua macho, mmoja wao alisema, "Zamani tulipeleka pwani meno ya tembo. Leo twabeba mzee wa pwani, na meno yenyewe hana." Kitanda kilitikisika kwa vicheko, karibu kianguke. Barabarani tulipata lori, na hospitalini walituambia kwamba tungechelewa hata jioni tusingemkuta hai. Tuliporudi tulitaka kuwalipa. Hawakukubali, wala hawakutueleza kwa nini, wakabadili maneno.

Mwalimu alikuwa na daftari ambamo aliandika kila tulichokitoa kijijini: vitabu, miwani, saa za masomo. Aliyaandika humo majina 16, na juu yake jina moja, kisha akalifunga daftari, wala hakuandika tena mpaka tulipoondoka.

Tungependa kusema kwamba tangu hapo kijiji chote kilimpenda mama yule. Haikuwa hivyo. Juma lile lile maneno yalianza, kwamba ni yeye aliyemroga Mwalimu, ndiyo maana alijua kuita watu. Jambo hili lilitutia hofu kuliko ugonjwa, maana tulikuja kusaidia, na baraza la Alhamisi lilikuwa letu, na yeye ndiye angelilipa. Mwalimu, angali dhaifu, aliomba kusema katika mkutano wa kijiji. Alieleza habari za mbu, kwa utaratibu, kama somo. Watu walisikiliza kwa adabu, na nyuso hazikubadilika. Ndipo mkuu wa sungusungu aliposimama, mtu asemaye machache, akasema kwamba katika usiku wote aliolinda hajasikia bado mchawi akitembea huku akilitaja jina la baba yake. Akaketi. Watu kadha wa kadha walicheka, na mkutano ukaendelea na habari za mbolea.

Hatujui kama hayo yalitosha. Kuna walioendelea kuikwepa njia ya kisima. Lakini wake wawili wa wale wabebaji walianza kuketi barazani siku za Alhamisi, nao wakaendelea hata baada ya sisi kuondoka mwisho wa mwaka 2018. Habari hizo twazipata kwa mjukuu wake, ambaye sasa ana simu.

Mwezi uliopita kijana huyo alitupigia, akampa bibi yake simu. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba pwani mtu akisimama ufukoni huona nchi ya pili ng'ambo ya bahari. Mke akamjibu, hapana, Mama, haionekani, ni maji tu.

"Basi macho yenu ndiyo mabovu," akasema. "Niwaletee miwani?"