Paka Chui wa Mastaa: Kabla Hujatoa Hela, Soma Hapa

Ile klipu ya staa mmoja wa Marekani anatembeza paka mwenye madoa kama chui, mmenitumia mpaka simu inaganda. Swali ni lile lile: nampata wapi?

Yule anaitwa Savannah. Wa kwanza alizaliwa huko huko Marekani mwaka 1986, baba mondo, mama paka wa nyumbani. Ndiyo, mondo huyu huyu wa mbugani kwetu, miguu mirefu, masikio makubwa! Mtoto wa moja kwa moja wa mondo wanamuita F1. Ukishuka F2, F3 mpaka F5, damu ya pori inapungua na bei nayo inashuka. F1 kwenye chumba na sebule ni shughuli: anaruka mpaka juu ya kabati, anaweza kukojolea makochi kuweka mipaka yake, na ukimfungia siku nzima anakuchania mapazia.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi kati binamu yangu katumiwa picha na dalali wa mtandaoni: "Savannah mtoto, yupo Dar." Dogo akataka kutoa hela ya kodi ya miezi mitatu! Nikamwambia, muulize vitu viwili tu: mama yake yuko wapi tumuone, na kadi ya chanjo iko wapi? Jamaa akamlima bloku.

Mimi nahisi kale kalikuwa katoto ka mondo kalikookotwa porini. Na kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria, kwa hiyo hela inaenda na wewe unabaki na kesi.

Kama unapenda muonekano wa pori tu, msome Sokoke. Huyu ni wa Pwani ya Kenya, jina katoa kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke. Watoto wake waliokotwa shambani karibu na Watamu mwaka 1978, baadaye wengine wakapelekwa Denmark. Ana mabaka kama gome la mti, na wala hana baba mondo.

Wangu mimi ni wa mtaani, mistari mistari. Kachanjwa kichaa cha mbwa, kahasiwa, ana sehemu ya kupanda juu, na dagaa hakosi. Hata Savannah anahitaji hayo hayo, ila mara tatu yake.

Vipi, dalali kashakufuata na wewe? Tiririka hapo chini.