Mzito Ana Miezi Mingapi?

Ile video niliiweka Jumapili saa tatu usiku, nikalala. Ilikuwa ya sekunde kumi na tisa tu. Mpwa wangu amelazwa kifudifudi kwa godoro pale sebuleni, anainua kichwa, kinaanguka, anainua tena, halafu anaangalia kamera kama mzee wa nyumba kumi aliyeamshwa usiku kuamua kesi ya kuku. Mimi niko nyuma ya simu nacheka. Chini yake nikaandika: "Mzito wetu, miezi minane na tayari yuko jimu."

Kufika asubuhi ilikuwa imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Nilifurahi mpaka nikatoka kununua mandazi ya watu wote. Niliporudi nikampata dadangu amesimama jikoni na simu yake. Zile za moyo na makofi hakuzisoma. Alisoma moja tu, kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya korti: "Miezi minane na hakai? Huyo mtoto ana shida, pelekeni hosi." Akaweka simu juu ya friji, akachukua beseni la nguo za mtoto akatoka nje kufua. Hizo nguo alikuwa amezifua jana.

Nikaifuta video. Hilo lilikuwa kosa la pili, nitafika hapo.

Kwa wale hamjui hii stori: Mzito alizaliwa wiki ya kwanza ya Juni. Tarehe ambayo daktari alikuwa ameandika kwa kitabu cha kliniki ilikuwa mwisho wa Agosti. Mimba kamili ni wiki 40 hivi, na mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 anahesabiwa amekuja kabla ya wakati. Yeye alikuja na wiki 28. Kilo moja na gramu mia moja. Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, mimina karibu nusu kwa sufuria, ile imebaki mkononi ndiyo alikuwa yeye. Jina Mzito alipewa na shemeji siku hiyo hiyo, kwa simu, akiwa njiani na trela ya kwenda Malaba. Aliambiwa uzito, akanyamaza, halafu akasema, "Basi huyo ni Mzito." Dadangu alicheka na kulia kwa pamoja, na ile sauti sijawahi kuisikia tena.

Nilidhani hawa ni watoto wachache sana, kitu cha kutokea kwa familia moja ploti nzima. Kumbe Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2020 pekee walizaliwa kama milioni 13.4, karibu mmoja kwa kila kumi. Ni vile watu hawasemi. Tangu Mzito aje, nimejua watu wanne hapa mtaani Kayole waliozaliwa hivyo, na mmoja ni yule konda mrefu ambaye hukunja shingo kwa matatu.

Alikaa hospitali wiki saba. Sitataja ni gani, kwa sababu masista wa huko ni watu wanafanya kazi ya watu watatu kila mmoja, na mtu akisikia kwamba watoto walikuwa wanalala wawili kwa inkubeta moja atawalaumu wao. Mimi sikuwa naruhusiwa kuingia. Kazi yangu ilikuwa kupeleka chakula na nguo, matatu mbili kwenda na mbili kurudi, na kukaa kwa benchi ya nje nikingoja dadangu atoke. Kila masaa matatu alikuwa anaingia kukamua maziwa, mililita chache, yanapitishwa kwa mpira mwembamba ulioingia puani mpaka tumboni, kwa sababu mtoto wa wiki 28 hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio.

Kupumua kwenyewe alikuwa anasahau. Sitanii. Ubongo ulikuwa bado haujakomaa, kwa hivyo anapumua, anapumua, halafu ananyamaza, mashine inalia, sista anakuja anamgusa nyayo na anaanza tena. Dawa waliyompa kumsaidia na hiyo shida ilikuwa kafeini. Ndiyo, ile ya kahawa. Mimi huku nje nikakunywa kahawa ya kibandani nikingoja, yeye ndani anapimiwa yake.

Halafu kulikuwa na macho. Mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho inamalizia kukua zile wiki za mwisho tumboni, kwa hivyo mtoto akija mapema sana, na hasa akiwekewa oksijeni nyingi, inaweza kukua vibaya na kuharibu jicho. Stevie Wonder, yule mwanamuziki, alipoteza uwezo wa kuona hivyo hivyo: alizaliwa mwaka wa 1950 kama wiki sita kabla ya wakati wake, akawekwa kwa inkubeta. Siku hizi oksijeni inapimwa na macho yanakaguliwa mapema. Siku ya Mzito kukaguliwa, dadangu alitoka akaniambia tu, "Ameona taa," akakaa chini kwa sakafu ya korido na miguu imenyooka mbele kama mtoto.

Aliletwa nyumbani mwisho wa Julai akiwa hajafika kilo mbili. Nani anajua Nairobi ya Julai? Baridi ile ya kuingia kwa mifupa, na siku ya tatu stima ikapotea. Mathe akasema awashe jiko la makaa aliweke chumbani. Dadangu akasimama mlangoni akakataa, kwa sababu moshi na ile hewa ya makaa inaweza kuua hata mtu mzima, sembuse huyu. Walibishana kwa kunong'ona ili mtoto asiamke. Mathe ametulea sisi wote kwa hilo jiko, unaelewa, kwa hivyo kwake ilikuwa kama anaambiwa hajui kulea.

Kilichotuokoa ni kifua. Sista alikuwa amemfundisha dadangu kangaruu: mtoto anavuliwa abaki na nepi, kofia na soksi, anawekwa wima katikati ya kifua chako, ngozi kwa ngozi, mnafungwa pamoja na leso. Haya mambo yalianzia Bogotá, Kolombia, mwaka wa 1978, madaktari wakiwa hawana inkubeta za kutosha. Nilidhani ni ujanja wa maskini. Lakini leo hata Shirika la Afya Duniani linataka mtoto kama huyo abebwe hivyo angalau masaa manane kwa siku, ikiwezekana hata siku nzima. Na si lazima awe mama peke yake.

Ndiyo nikaambiwa, "We kijana, toa shati."

Nilikuwa na miaka ishirini. Sijawahi kushika mtoto wa mtu kwa zaidi ya dakika tano. Nikafungwa hapo kwa kiti na leso ya mathe ya maua, nikaambiwa nisikohoe. Dadangu alienda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu Juni akalala masaa manne bila kuamka. Mimi sikusonga. Mguu ulikufa ganzi, simu ikazima, nikabaki nahesabu pumzi za mtu ambaye kichwa chake chote kinaingia kwa kiganja. Kila ikichelewa kidogo nilimgusa nyayo. Pengine haikuwa inachelewa, pengine ni mimi.

Sasa, kazi. Dadangu anakaa kwa till ya supamaketi fulani. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara kamili, na hiyo miezi mitatu ilianza kuhesabiwa Juni. Karibu miwili iliishia kwa benchi ya hospitali. Alienda ofisini kuomba aongezewe, akaelezwa kwa upole kabisa kwamba siku zake zimeisha. Akarudi kazini mwanzo wa Septemba. Hebu piga hesabu: kulingana na ile tarehe ya mwisho wa Agosti, mtoto wake alikuwa na wiki moja. Alikuwa anakamua maziwa stoo, kati ya makatoni ya sabuni, anayaleta jioni. Mchana mathe yuko kibandani, shemeji yuko barabarani, kwa hivyo mwenye kubaki na Mzito ni mimi, mtu wa "kutengeneza kontenti". Ndiyo maana simu yangu imejaa yeye.

Na hapo ndipo lile swali linaingia. Kwa matatu, kliniki, dukani: "Ana miezi mingapi?" Ukisema minane unaona mtu anamwangalia mtoto, anakuangalia wewe, halafu anatafuta neno la heshima. Kumbe kuna hesabu mbili. Chanjo zinafuata siku aliyozaliwa, kwa hivyo zile za wiki sita alipata akiwa na wiki sita, hata kama bado alikuwa wodini. Lakini mambo ya kushika shingo, kugeuka na kukaa yanafuata tarehe ambayo angezaliwa, mpaka afike kama miaka miwili. Daktari alituambia tuwe tunatoa miezi mitatu. Kwa hivyo Mzito wa ile video alikuwa na minane kwa kadi ya chanjo na mitano kwa godoro. Mtoto wa miezi mitano na hakai? Si ni kawaida kabisa.

Mathe aliamua zamani. Mtu akiuliza anasema mitano, maneno yanaisha. Dadangu hataki kusikia hiyo.

Nilimfuata nje siku hiyo ya video nikampata anaanika. Nikamwambia, "Pole. Nimeifuta."

Akageuka. "Kwa nini umefuta?"

"Si walikuwa wanamtusi."

"Mtu mmoja ameongea upuzi, wewe umemfuta mtoto. Sasa inakaa ni kama tunamficha."

Mathe akasikia kutoka ndani. "Mami, si nilisema muwe mnasema ni mitano?"

"Mama, ni minane." Alikuwa ameshika soksi moja, zile ndogo ambazo hazimtoshi tena lakini bado anazifua. "Juni nilikuwa huko. Julai nilikuwa huko. Nilikuwa nahesabu mililita. Hakuna mtu atanitolea hiyo miezi."

Hakuna aliyejibu. Mathe alitoka akachukua nguo kutoka kwa beseni akaanza kumsaidia kuanika, na hawakuongea.

Nimefikiria sana kwa nini ile komenti ilituuma hivyo, maana huyo msee hata hakutukana vibaya. Nitawaambia ukweli wangu. Nilikuwa nimejiuliza swali lilo hilo. Usiku, wote wamelala, nilikuwa nimetafuta kwa simu "mtoto aliyezaliwa wiki 28 anakaa lini", nikasoma mpaka saa nane. Watoto waliokuja mapema hivyo wengi wanakua vizuri, lakini wako kwa hatari zaidi ya misuli kukaza, ya kuchelewa kuongea, ya shida darasani, na kuna mambo hayaonekani mpaka mtoto afike umri fulani. Daktari hajawahi kutudanganya: kila kliniki anasema yuko sawa kwa leo, tuonane tarehe fulani. Kwa leo. Mimi nikachukua mtoto anayepigana kuinua kichwa nikamfanya kichekesho cha sekunde kumi na tisa, kwa sababu nilitaka watu elfu kadhaa waniambie yuko sawa. Nilitaka laiki ziwe daktari.

Na kuhusu mathe, nadhani hadanganyi kwa aibu. Anamkinga binti yake na yale macho ya kwa matatu. Nimeacha kumrekebisha mbele ya watu.

Wiki jana, mvua ikinyesha, nilimkalisha Mzito kati ya mito miwili nikaenda kutoa chai kwa moto. Niliporudi mto mmoja ulikuwa umeanguka upande na yeye hajaanguka. Amekaa. Mgongo umepinda kama wa fundi viatu, mikono miwili imeshika godoro mbele yake, mate yanatiririka, ananiangalia. Sikuchukua simu, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni ajabu. Nilihesabu mpaka nne kwa sauti, halafu akaanguka taratibu kando akagonga sikio kwa mto akalia kwa hasira.

Nikampigia dadangu kazini. Hawaruhusiwi simu kwa till, lakini aliishika. Nikamwambia, "Amekaa." Nikasikia ile mashine ya bei ikilia pii, pii, mteja akiuliza kitu, halafu akasema, "Rudia."

Jioni alikuja bado na yunifomu, akamkalisha mwenyewe, akapata sekunde saba. Mathe akapata tano na anasema saa yetu ni mbovu. Nikarekodi zote mbili. Dadangu amesema naweza kuweka ile yake, bora niandike miezi kumi. Mathe anasema saba. Video bado iko kwa simu.